Kupima ugumu wa aloi za risasi kwa penseli za kuchorea

Swali: Nina mikuo saba ya risasi niliyoyeyusha kutoka vyanzo tofauti: shiti za paa, risasi za kubalansia magurudumu, chapa za zamani za matbaa, na vipande vingine ambavyo asili yake siijui. Nataka kujua ipi ni laini, ifae kwa chubwi ndogo za kubana kwenye mshipi, na ipi ni ngumu. Kipimo cha Brinell, kile kinachotoa namba ya ugumu wa metali, sina. Nimesikia penseli za kuchorea zinaweza kufanya kazi hiyo. Je, ni kweli, na kama ni kweli nifanyeje? Halafu kuna mkuo mmoja unanishangaza: penseli ya HB inaukata upande wa juu, lakini upande wa chini inateleza tu.

Jibu:

Ni kweli, na kwa kazi uliyoitaja zinatosha kabisa, mradi usizitake zaidi ya uwezo wake. Penseli haipimi ugumu, inapanga. Itakuambia mkuo huu ni laini kuliko ule, na kwamba ule wa tatu unalingana na sampuli unayoijua. Namba ya Brinell utaipata kwa kulinganisha tu, na itakuwa na kosa la pointi moja hadi tatu hivi. Anayetangaza kwamba penseli yake imempa 11.5 anajidanganya. Anayesema "iko kati ya 10 na 12" anasema kweli.

Tuanze na penseli yenyewe, maana jina limewapoteza wengi. Kalamu ya risasi haina risasi hata chembe. Kiini chake ni grafiti iliyochanganywa na udongo na kuokwa, utaratibu ambao Mfaransa Nicolas-Jacques Conté aliuandikishia hataza mwaka 1795. Udongo ukizidi, kiini kinakuwa kigumu na mstari wake hafifu. Grafiti ikizidi, kiini ni laini na mstari ni mweusi. Ngazi zinapanda hivi: 6B, 5B, 4B, 3B, 2B, B, HB, F, H, 2H, 3H na kuendelea. Hapo pana mtego mdogo wa herufi: HB ya penseli haihusiani kabisa na HB inayoandikwa baada ya namba ya Brinell. Ukiandika "HB 14" katika daftari lako bila maelezo, mwezi ujao hutajua ulimaanisha nini. Andika "penseli HB" na "Brinell 14".

Kinachotokea ncha inaposukumwa juu ya risasi ni ushindani wa vitu viwili. Ama ukingo wa kiini unashikilia na chuma, yaani hiyo risasi, kinasalimu amri, ndipo unaona mfereji. Ama chuma kinashikilia na ukingo wa kiini unamomonyoka, ndipo penseli inateleza na kuacha rangi tu. Kwa bahati njema, nguvu ya viini vya penseli na ugumu wa aloi za risasi vimekaa katika eneo moja. Risasi tupu ina Brinell 5 hivi, na aloi ngumu za matbaa zinafika 22 hadi 28. Penseli kumi kutoka 6B hadi 2H zinalifunika eneo hilo karibu lote.

Nunua penseli za kampuni moja, za aina moja, na ikiwezekana za kasha moja. Jambo hili lina uzito kuliko jina la kampuni. 2B ya mtengenezaji mmoja inaweza kuwa sawa na 3B ya mwingine, kwa kuwa hakuna sheria ya dunia nzima inayosema 2B iwe na udongo kiasi gani. Majedwali mengi yanayozunguka kati ya wasubuji wa risasi yalitengenezwa kwa Staedtler Mars Lumograph. Viwanda vya rangi vya Japani vimezoea Mitsubishi Uni. Zote mbili zinafaa, ila usizichanganye. Penseli za shule za bei rahisi ziache. HB yake haina uhakika, na mara nyingi kiini si sawa mwanzo hadi mwisho.

Sasa uchongaji, na hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Usitumie kichongeo. Kwa kisu kikali ondoa mbao tu, taratibu, hadi kiini cha milimita 5 hadi 6 kibaki wazi kikiwa mviringo kamili, bila kuguswa na kisu. Kisha simamisha penseli wima juu ya msasa laini wa namba 400 uliolazwa juu ya kioo au kigae, uizungushe bila kuinamisha hadi ncha iwe bapa kama kichwa cha nguzo iliyokatwa kwa msumeno. Unachokitafuta si ncha. Ni ukingo unaoizunguka: uwe mkali, usio na pengo hata moja. Utazame kwa lenzi. Ukiona kipande kimemeguka, rudia. Ncha iliyochongoka kama ya kuandikia haifai, kwa sababu shinikizo lote linaangukia kwenye nukta moja. Ama itachimba chuma ambacho kiini hakina haki ya kukichimba, ama itavunjika kabla haijasema lolote.

Upande wa chuma, ngozi ya nje ya mkuo haiaminiki. Ina oksidi, ina mabaki ya povu (uchafu unaoelea juu ya risasi iliyoyeyuka), na wakati mwingine ina masizi ya kalibu. Chagua mahali, pitisha tupa safi au randa kali mara moja au mbili kwa mwelekeo mmoja, kwa mkono mwepesi, hadi chuma king'ae. Wepesi wa mkono una sababu yake. Aloi za risasi na antimoni (metali inayoipa risasi ugumu) zina tabia ya kinyume na shaba au chuma: ukizipondaponda au kuzifinyanga zikiwa baridi, uso wake unalainika badala ya kukakamaa. Ukikandamiza tupa na kusugua kwa dakika tano, utakuwa unapima kitu ulichokitengeneza wewe, si mkuo.

Usitumie msasa kwenye risasi. Punje zake zinajichomeka ndani ya chuma laini na kubaki humo, kisha zinakula ukingo wa penseli yako unapopita. Isitoshe, msasa unatoa vumbi la risasi, na vumbi hilo ni sumu inayoingia kwa pumzi na kwa vidole. Chembe za tupa ni kubwa, zinaanguka juu ya gazeti, unalikunja na kulitupa mahali salama. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kugusa chochote kinachokwenda mdomoni, na kazi yote hii iwe mbali na watoto.

Ukimaliza kupiga tupa, futa uso kwa kitambaa chenye spiriti, uuache ukauke, usiushike tena kwa vidole. Mafuta ya ngozi yanatosha kuifanya penseli iteleze mahali ambapo ingeuma.

Namna ya kusukuma imeazimwa kutoka kwenye kipimo cha zamani cha rangi za magari na samani. Ilaze penseli kwa pembe ya nyuzi 45, ukingo wa chini uguse chuma, kisha isukume mbele, mbali nawe, umbali wa milimita 6 hivi. Usiivute. Penseli inayovutwa inaburuta mgongo wake na haikati kitu. Nguvu iwe ileile kila mara: karibu na kiwango cha juu ambacho kiini kinakistahimili bila kuvunjika. Mkono ukikushinda, toboa kipande cha mbao tundu la nyuzi 45, penseli ipite humo, ukitwike mzigo usiobadilika. Vigari vinavyouzwa kwa kipimo cha rangi hubeba gramu 750, na uzito huo unafaa hata hapa. Baada ya kila msukumo mmoja, zungusha penseli kidogo upate ukingo mpya. Ncha moja iliyonyooshwa vizuri inatoa misukumo minne au mitano, kisha rudi kwenye msasa.

Anza na penseli ngumu ambayo una hakika itakata, ushuke ngazi moja moja hadi utakapoipata isiyokata. Kuanzia juu kuna faida: jicho lako linaona kwanza mkwaruzo wa kweli unafananaje, ndipo linapoweza kuutambua wa mashaka.

Mkwaruzo wa kweli ukiutazama kwa lenzi, mwanga ukitoka pembeni karibu na usawa wa meza, una kuta mbili na sakafu inayometa. Mwisho wake, pale penseli iliposimama, pana kirundo kidogo cha risasi kilichojikunja kama taka za randa. Pitisha ukucha kukatiza mstari, unakwama. Mkononi ulihisi penseli ikiuma na kukokota. Mstari wa kuteleza ni tofauti: ni utepe wa kijivu unaong'aa kwa grafiti, hauna kirundo, na penseli ilipita kama juu ya kioo. Sugua kwa kitambaa chenye spiriti. Ukifutika na uso ukabaki ulivyokuwa, hiyo haikukata. Kati ya hali hizo mbili kuna ya tatu, ambapo mfereji unaanza kwa milimita moja halafu unapotea. Hiyo maana yake ukingo ulishika kidogo kisha ukamomonyoka. Iandike kama haikukata. Kanuni inayofaa ni kudai mfereji wa milimita 3 angalau, katika misukumo miwili kati ya mitatu.

Matokeo yaandike kwa penseli mbili, si moja: "3B inateleza, 2B inakata." Ugumu wa chuma umo katikati yao. Mtu anayeandika "2B" peke yake anaacha swali la kama ni laini ya mwisho iliyokata au ngumu ya mwisho iliyoteleza, na swali hilo pekee linaweza kukupotosha ngazi nzima.

Sasa namba, ambazo ni za kuanzia tu. Kwa penseli za Staedtler, wasubuji wengi hutumia ulinganisho huu: 6B ni Brinell 4 hadi 5, 5B ni 7 hadi 8, 4B ni 9, 3B ni 10, 2B ni 11 hadi 12, B ni 13, HB ni 14 hadi 15, F ni 16 hadi 18, H ni 20 hadi 22, na 2H ni 26 hadi 28. Tazama jinsi ngazi zinavyobanana katikati na kuachana juu. Kati ya 4B na B kila penseli inabeba pointi moja au mbili, ilhali kutoka H hadi 2H kuna pengo la pointi nne au zaidi. Kwa hiyo penseli ni hodari zaidi kwa aloi laini na za wastani, na dhaifu kwa zile ngumu sana.

Ulinganisho huo usiuchukue kama ulivyo. Tengeneza sampuli zako za rejea, uone penseli zako wewe, kwa mkono wako wewe, zinasema nini. Unahitaji metali mbili tu. Ya kwanza ni risasi tupu. Ya pili ni linotipu, aloi ya mashine za kupanga chapa, yenye antimoni asilimia 12, bati asilimia 4 na risasi iliyobaki. Mimina vipande vinne: risasi tupu peke yake; gramu 250 za linotipu na gramu 750 za risasi; nusu kwa nusu; na linotipu peke yake.

Ili kukadiria ugumu wa mchanganyiko wenye antimoni, kuna hesabu ya mkato: chukua 8.6, ongeza 0.29 mara asilimia ya bati, ongeza 0.92 mara asilimia ya antimoni. Mchanganyiko wa robo una antimoni 3 na bati 1, kwa hiyo 8.6 + 0.29 + 2.76, yaani 11.65, uite 12. Wa nusu kwa nusu una antimoni 6 na bati 2, unatoa 14.7; uite 15. Linotipu yenyewe hesabu ingeipa 20.8, ila kwa kawaida hutajwa kuwa 22; tumia hiyo. Hesabu hii haifai kwa risasi tupu, kama unavyoona mwenyewe: ingekupa 8.6 badala ya 5. Ukiwa na vipande hivyo vinne vyenye 5, 12, 15 na 22, umeshajenga rula. Mkuo wowote mwingine unaupima kwa kuuweka ubavuni mwa kile unachofanana nacho, siku ileile, kwa penseli ileile.

Tahadhari kuhusu hizo chapa zako za matbaa. Linotipu inatoka ikiwa mstari mzima wa maneno katika kipande kimoja. Kama zako ni herufi mojamoja, si linotipu. Ni aloi za monotipu au za herufi za mkono, zenye antimoni nyingi zaidi, na monotipu huhesabiwa kuwa na Brinell 28 hivi. Ukizifanyia hesabu za linotipu, rula yote itapinda. Pia aloi ya matbaa iliyoyeyushwa mara mamia hupoteza bati na antimoni ndani ya povu linalotupwa, ndiyo maana mzee wa linotipu huwa laini kidogo kuliko kijana wake.

Usipopata linotipu, tumia bati. Risasi 20 kwa bati 1 inatoa Brinell 10. Kama bati lako ni lehemu ya 63/37 (bati 63 na risasi 37 kwa mia) isiyo na fluksi, yaani dawa ya kuunganishia, ndani, gramu 100 zake ziyeyushe na gramu 1,223 za risasi tupu, na utakuwa umepata uwiano huo. Bati halipandishi ugumu sana, hata risasi 10 kwa bati 1 inafika 11.5 tu, lakini sampuli za 5 na 10 zinatosha kwa mtu anayetafuta risasi laini.

Saa na kalenda nazo zina neno. Aloi yenye antimoni haina ugumu wake kamili siku ya kumiminwa. Inaendelea kukakamaa kwa siku nyingi, hasa ikiwa na aseniki kidogo kama zilivyo nyingi za risasi za magurudumu. Iache wiki mbili au tatu ndipo uandike namba ya mwisho. Aloi ya risasi na bati peke yake haina tabia hiyo, na kadiri inavyokaa inaweza hata kulegea kidogo. Hivyo ukipima mikuo miwili, mmoja wa jana na mwingine wa mwaka jana, unalinganisha umri pia.

Jambo kubwa zaidi ni kuzimwa majini. Aloi ya magurudumu ikipoa hewani inakaa karibu na 11 au 12. Aloi hiyohiyo ikitumbukizwa majini ingali ya moto inaweza kufika 18 au 20 ndani ya siku chache, bila kuongezwa hata gramu ya antimoni. Penseli haijui tofauti hiyo. Itasema F au H, nawe utadhani umepata aloi tajiri ya kuchanganyia. Sampuli za rejea ziache zipoe zenyewe, na mkuo wa mashaka uuhukumu hivi: chukua gramu 80 hivi, ziyeyushe upya, mimina kisarafu cha upana wa milimita 30 na unene wa milimita 10, kipoe hewani, subiri wiki mbili, pima. Kama F imeshuka hadi 2B, ugumu ulikuwa wa maji. Kama F imebaki F, ugumu ni wa antimoni.

Asiye na subira ya wiki mbili atumie mizani. Pima mkuo hewani, kisha upime ukining'inia ndani ya maji bila kugusa chombo. Gawanya uzito wa hewani kwa tofauti ya pimo hizo mbili. Risasi tupu inatoa 11.34, aloi yenye antimoni 3 na bati 1 inatoa 11.05, linotipu inatoa 10.3 hivi. Kwa mkuo wa gramu 500, risasi tupu inapoteza gramu 44 majini, aloi ya magurudumu 45, linotipu karibu 49. Mizani ya jikoni inayosoma gramu moja haitatenganisha hizo mbili za kwanza, ila linotipu itaiona. Mkuo wenye matundu ndani utadanganya, kwa hiyo chagua uliomiminwa vizuri.

Kuna kipimo kingine cha kukagulia penseli, na kwa maoni yangu kila mwenye jiliwa angekifanya. Chukua gololi ya beringi ya milimita 10. Iweke kati ya sampuli ya risasi tupu na mkuo usioujua, nyuso zote mbili zikiwa bapa na safi, kisha kaza jiliwa taratibu. Nguvu inayobonyeza kushoto ndiyo inayobonyeza kulia, kwa hiyo huhitaji kuijua. Subiri sekunde 30, fungua, pima kipenyo cha kila kishimo kwa kalipa chini ya lenzi. Gawanya kipenyo cha risasi tupu kwa kipenyo cha mkuo, zidisha jibu kwa lenyewe, kisha zidisha kwa 5. Tuseme kishimo cha risasi tupu ni milimita 4.0 na cha mkuo ni 2.6: 4.0 gawanya kwa 2.6 ni 1.54, mara yenyewe ni 2.37, mara 5 ni karibu 12. Ni makadirio, na kosa dogo la kusoma kipenyo linakuzwa na ile hesabu ya mraba, lakini hayategemei udongo wa penseli. Penseli ikisema 2B na gololi ikasema 12, unaweza kulala. Zikitofautiana kwa pointi tano, mojawapo imefanywa vibaya, na mara nyingi ni uso wa chuma haukusafishwa.

Kuhusu mikuo yako saba, huhitaji namba kwa kila mmoja. Chubwi ya kubana kwenye mshipi inataka risasi inayokubali kufunguliwa na kufungwa kwa koleo bila kupasuka, yaani iliyo chini ya 4B: 5B ikate, au 4B ikate na 5B iteleze. Shiti za paa zitaangukia humo bila shaka, na risasi za magurudumu za kubandika kwa gundi pia, maana hizo huwa karibu na risasi tupu, Brinell 6 hivi. Za kubana kwenye rimu ndizo zenye antimoni. Kwa kuchuja haraka kabla ya penseli, tumia ukucha: risasi tupu inachanika kwa ukucha, aloi ya 12 haichaniki. Na sauti: mkuo laini ukiugonga unatoa mshindo mfu, mkuo wenye antimoni nyingi unalia. Chubwi kubwa za kumimina katika kalibu haziulizi ugumu, kwa hiyo mikuo yenye 2B hadi HB ipeleke huko. Za matbaa usizipoteze kwa chubwi. Zihifadhi kama dawa ya kuongeza ugumu kwa vipimo.

Vipande vya asili isiyojulikana, kama kuna chochote kilichotoka kwenye betri, kitenge na usikiyeyushe. Mabamba ya betri yana aseniki, antimoni na kalsiamu, na povu lake likipata unyevu linaweza kutoa gesi zenye sumu kali ambazo dirisha lililo wazi halitoshi kuziondoa.

Sasa huo mkuo wa ajabu. Upande wa chini uligusa kalibu ya chuma baridi, ukaganda haraka, chembe zake zikawa ndogo na ngumu. Upande wa juu ulibaki wa moto, ukaganda mwisho, chembe zake zikawa kubwa, na huenda kuna povu lililonaswa. Kwa mkuo mnene hilo peke yake linaweza kuleta tofauti ya ngazi moja. Upige tupa upande wa juu hadi ushuke milimita 2, upime tena. Kama HB sasa inateleza pande zote, ulikuwa unapima ngozi.

Kama tofauti imebaki, mchanganyiko haukukorogwa. Antimoni na bati ni nyepesi kuliko risasi, na vipande vya matbaa vinavyoyeyuka karibu na nyuzi 240 vinaweza kukaa juu ya risasi inayoyeyuka kwenye nyuzi 327 bila kuchanganyika, mpaka uvilazimishe. Uyeyushe upya hadi nyuzi 350 au 370, koroga hadi chini kwa dakika mbili, ondoa povu, mimina mikuo myembamba katika kalibu kavu iliyopashwa moto. Tone moja la maji chini ya risasi iliyoyeyuka linageuka mvuke papo hapo na kurusha chuma usoni.

Wakati wa kuyeyusha, angalia chunguni. Kama uso umekuwa mzito kama uji, haung'ai hata baada ya kuondoa povu, na kalibu haijazi pembe zake, kuna zinki ndani. Zinki inayeyuka kwenye nyuzi 419, kwa hiyo kipande chake kizima kingeelea ungeweka moto chini ya 380, na risasi za magurudumu za zinki mara nyingi zimepigwa chapa "Zn" ubavuni. Ila ikishayeyuka na kuingia, penseli itasoma ugumu usio na maana, mahali hapa HB, hatua moja pembeni F. Mkuo wa namna hiyo upige alama ya msalaba kwa patasi, uuweke mbali na mingine sita.